Refa Sadala katika Nchi ya Ung'azi

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akikohoe sasa, maana kisa hiki hakipendi kukatizwa.

Palikuwa na refa mmoja wa mpira, Sadala Kipingu, mzaliwa wa Korogwe, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu na macho yasiyopepesa. Alichezesha mechi hadi mvi zikamjaa kichwani, na sifa yake kubwa ilikuwa kutokuwa na upande. Katika fainali moja alitoa penalti dhidi ya timu ya mjomba wake mwenyewe, dakika za majeruhi, mjomba akiwa amekaa jukwaa la mbele. Ilibidi refa atolewe uwanjani amefunikwa turubai, kwenye gari la kubebea mkaa. Mjomba hakumsemesha tena mpaka alipougua, na hata alipougua alimsemesha kupitia kwa muuguzi.

Habari ya mtu kama huyo haitulii mahali pamoja. Ilitembea ikafika Ung'azi, nchi ambayo haimo katika ramani kwa sababu wachora ramani waliokwenda huko walibishana waipake rangi gani, wakarudi bila kuichora. Wang'azi wakamwalika. Njia ya huko ni ndefu, ina vumbi, na haina la kusimulia. Basi tumkute Sadala amekwisha kufika, anatembea barabarani mdomo wazi.

Kilichomwacha mdomo wazi ni kwamba watu wa Ung'azi huwaka. Hawawaki moto, huwaka kama kimulimuli, bila joto. Mtoto akizaliwa hudondoshewa tone la rangi ulimini, na rangi hiyo hukaa mwilini mwake kama wino ndani ya chupa. Mwili hunywa mwanga wa mchana, kisha huurudisha nje umegeuka kuwa rangi ya mwenyewe: huyu manjano ya kiini cha yai, yule buluu, mwingine wekundu wa kaa la moto. Ukitaka kuiona vizuri nuru ya mtu, unamwingiza mahali penye kivuli.

Wang'azi ni watu wa utaratibu, na watu wa utaratibu wakiona kitu kizuri hawapati usingizi mpaka wakipime. Kwa hiyo walitunga sheria: kila mtu apimwe nuru yake kila mwaka katika Jumba la Kipimo, ambalo madirisha yake yamezibwa kwa mapazia mazito, na alama yake ishonwe kwenye kola ya nguo yake. Wenye alama za juu walihamishiwa Kilele, nyumba ya heshima iliyo juu ya kilima. Wa katikati walibaki mjini kufanya kazi. Na aliyeshindwa mara tatu mfululizo alipelekwa Bonde la Chumvi kukwangua chumvi, asirudi. Juu ya mlango wa Jumba yalichongwa maneno haya: NURU NI YA MTU. Watoto waliyaimba shuleni kabla hawajajua kuhesabu.

Na kwa kuwa kila Mng'azi ana rangi, na mwenye rangi hupendelea wa rangi yake, sheria iliagiza kipimo kisimamiwe na Mwamuzi Mgeni, mtu asiyewaka kabisa. Sadala alipofika mpakani aliingizwa katika kibanda chenye giza, akakaguliwa makwapani na nyuma ya masikio. Ilipothibitika kwamba hana hata chembe ya nuru, afisa akampa mkono.

"Hongera sana, bwana," akamwambia. "Wewe ni giza tupu."

Sadala akashukuru.

Alipangiwa kukaa kwa Bi Nunu, bibi mmoja mnene ambaye rangi yake ilikwisha pauka kwa kuchomwa na jua la miaka mingi, kama kanga iliyosahauliwa kambani. Watu wa aina hiyo husamehewa kipimo, na kwa kuwa husamehewa kipimo huwa hawaogopi kusema. Alikuwa akiishi na binti wa kaka yake, Kidawa, ambaye alikuwa katibu muhtasi wa Mpimaji Mkuu.

Kidawa alirudi kutoka kazini alasiri. Sebule ilikuwa imefungwa madirisha kuzuia vumbi, na Sadala alikuwa ndani anapapasa kutafuta kikombe chake cha chai. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mwembamba mwenye haya, na chumba kizima kikawa kijani kama shamba la majani ya chai baada ya mvua. Sadala akakiona kikombe. Akaona na nzi aliyekuwamo.

"Shikamoo, bwana," Kidawa akasema, kisha akaketi peke yake kwenye mkeka akaanza kupeta mchele.

"Marahaba, binti. Bila shaka kola yako ina alama kubwa."

Kidawa akainamisha kichwa. Bi Nunu ndiye aliyejibu. "Ana alama ya aibu. Ameshindwa mara mbili. Akishindwa na kesho kutwa, ni Bonde la Chumvi."

"Mtu mwenye nuru hii?"

"Nuru hii ni ya hapa nyumbani. Akifika kazini huzimika kama koroboi iliyokauka mafuta."

"Na wakubwa mmewaambia?"

"Tuliwaambia. Yule daktari wao akasema nuru ya nyumbani si nuru, ni mapenzi ya shangazi."

Kidawa akapeta mchele, akapuliza pumba. "Huenda wana haki, bwana," akasema. "Nikiwa kule najiona sina kitu. Kutwa nzima nasimama ubavuni pa Bwana Mkubwa, namshikia kipimo chake, namwona anavyong'ara, nami nafifia. Nadhani ni woga."

"Unaogopa nini?"

"Ningekijua ningekiacha."

Sadala alikuja kuamua, hakuja kutetea. Lakini usiku ule alilala akiligeuzageuza neno lile.

Siku iliyofuata alipelekwa kutembelea Kilele, maana mgeni wa heshima lazima aonyeshwe fahari ya nchi. Aliyemtembeza ndiye yule daktari, Daktari Majura, mwanazuoni wa nuru, mtu wa joho refu aliyetembea huku akijisikiliza. Njiani alimweleza kwamba wale wanaokaa Kilele ndio wang'avu kuliko wote. Kwamba zamani walitawanyika vijijini ovyo ovyo, mmoja huku mmoja kule, na nuru yao ikawa inapotea bure kwa wakulima. Ndipo Baraza lilipoamua kuwakusanya pamoja, ili nuru moja iongezeke juu ya nyingine na nchi ipate jua lake yenyewe.

Walipofika mlangoni, Daktari Majura akatoa koroboi mfukoni, akaiwasha.

"Ya nini hiyo?" Sadala akauliza.

"Ni desturi," Daktari akasema.

Wakaingia. Ndani palikuwa na giza la kukata kwa panga. Koroboi ikaonyesha ukumbi uliojaa watu pomoni, wamekaa goti kwa goti, bega kwa bega, katika safu za viti vya heshima, kila mmoja na kola yenye alama kubwa iliyodariziwa kwa uzi wa dhahabu. Hapana aliyewaka. Mmoja wao alikuwa akipapasa mguu wa jirani akidhani ni wake, anamkuna.

"Mbona kuna giza?" Sadala akasema.

Daktari Majura akamshika mkono haraka. "Neno hilo halitumiki humu. Sisi husema nuru iliyotulia. Hawa wamefikia daraja ya kung'aa bila kujionyesha. Ni unyenyekevu."

Sadala akapiga hatua, akajigonga ugoko kwenye kiti. Aliyekikalia alikuwa mzee mmoja wa sauti nzuri, ambaye zamani alikuwa mtunga mashairi kijijini kwake, na watu walikuwa wakitoka mbali kuja kumsikiliza kwa nuru yake mwenyewe. Daktari alipogeuka kuwasalimia wengine, mzee yule akamvuta Sadala karibu.

"Nikitoka uani kujisaidia, nawaka," akamnong'oneza. "Peke yangu pale, nawaka kama zamani. Nikirudi humu kati ya wenzangu, basi."

"Umewaambia?"

"Nani atasikia habari za chooni? Ila siku hizi nakunywa maji mengi."

Waliporudi nje, Sadala aliuliza kwa adabu kama haiwezekani kwamba watu wale wamerundikana mno, wakawa wanazimana. Daktari Majura akacheka kwa huruma. Akasema ng'ombe wengi huongeza maziwa, kuni nyingi huongeza moto, na kwa hiyo wang'avu wengi huongeza nuru. Na kama macho ya mgeni hayaioni, kosa si la nuru. Sadala akakumbuka timu moja iliyowahi kusajili washambuliaji tu, wakawa wanapokonyana mpira wenyewe kwa wenyewe mpaka wakashuka daraja. Lakini hilo hakulisema, kwani Daktari alikuwa amekwisha anza kueleza jambo jingine.

Siku ya Kipimo ikafika. Jumba lilijaa. Upande mmoja palikuwa na ukuta mrefu wa shaba iliyosuguliwa, na watu wa kawaida waliagizwa kuubana kwa mgongo ili wasimame wima wakati wa kupimwa. Kila aliyebana mgongo kwenye shaba ile nuru yake ilimezwa palepale. Watoto wa nyumba kubwa, kwa ajili ya hadhi yao, waliwekewa mto laini kati yao na ukuta, na mto ule ulipowasogeza mbele kidogo tu, ile shaba iliyowameza wenzao ikawazidishia hawa nuru maradufu. Kazi ya Mwamuzi Mgeni, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa moja tu: kuhakikisha kwamba wote wamesimama wima. Sadala akaangalia. Walikuwa wima.

Juu ya jukwaa aliketi Mpimaji Mkuu, Bwana Farijala Tumbi. Alikuwa na kitambi cha mtu mwema na tabasamu la mtu aliyeshiba, na kila Siku ya Kipimo aliwaka wekundu wa kupendeza mno, kiasi kwamba akina mama walinyanyua watoto wao wamwone. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kusema, "Mungu ndiye mgawaji," na alisema hivyo kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa mgawo wake ulikuwa mkubwa.

Kidawa alikuwa bado chini, kwenye ngazi, akipanga watu. Alikuwa kijani kile kile cha sebuleni. Kisha Bwana Farijala akamwita, naye akapanda jukwaani kushika kipimo. Macho ya Sadala yamezoea kutazama wachezaji wawili kwa pamoja, yule mwenye mpira na yule anayejifanya hana haja nao, na hapo aliona jambo ambalo Jumba zima lilikuwa likilitazama kila mwaka bila kuliona. Kidawa alipopanda ngazi ya kwanza, Bwana Farijala alikuwa mwekundu hafifu. Alipopanda ya pili, Kidawa akafifia na Bwana akachangamka. Alipofika ubavuni pake, kijani kilikufa kabisa, na wekundu ukalipuka mpaka paani. Watu wakapiga makofi.

Sadala alipuliza filimbi.

Hapajawahi kusikika sauti kama ile katika Jumba la Kipimo. Hata vipepeo waliokuwa kwenye mapazia walitawanyika.

"Kuna nini, mgeni wetu?" Bwana Farijala akauliza kwa upole. "Kuna asiyesimama wima?"

"Huyu binti anatoa pasi, na wewe unafunga," Sadala akasema. "Goli linaandikwa kwako, na yeye anaambiwa hajui mpira."

Watu wakatazamana. Sadala akaona amesema kwa lugha ya kwao, akajaribu tena. "Nuru yake inahamia kwako kwa sababu mmekaribiana. Naomba asimame mlangoni, kisha mpimwe nyote wawili."

Daktari Majura akainuka. Alieleza kwamba sheria inataka wafanyakazi wapimwe wakiwa kazini ili kazi isisimame. Kwamba Jumba hili ni moja na giza lake ni moja kwa wote, na hiyo ndiyo haki. Na kwamba kama nuru ya mtu ingebadilika kwa kuhama mahali, basi isingekuwa yake. "Tutamshonea alama nani?" akauliza. "Tuushonee ukuta?" Jumba likacheka.

"Kwetu," Sadala akasema, "timu haipimwi uwanja mmoja. Inacheza nyumbani, inacheza na ugenini. Iko inayotisha kwao, ukiitoa nje ya mji wake inafungwa na watoto wa shule."

"Na mnajuaje ipi ni timu nzuri?"

"Tunabishana," Sadala akakiri. "Lakini tunabishana tukiwa tumeona mechi zote mbili."

Jibu hilo lilionekana la kishenzi. Kipimo kikaendelea. Bwana Farijala mwenyewe akamgeukia katibu wake, akakisoma kipimo kwa sauti ya huzuni ya kweli, akasema, "Binti yangu, nimejitahidi kukusogeza karibu nami miaka yote hii ili upate mfano mwema. Naona haikusaidia." Kidawa akasema, "Ahsante, Bwana," kwa sauti iliyosikika kwa shida.

Hapo Sadala hakuvumilia. Hakuwa na madaraka, hakuwa na mlinzi, hakuwa na kanuni ya kumsaidia. Alikuwa na kile alichokuwa nacho. Akapanda jukwaani, akatoa kadi nyekundu mfukoni, akaiinua juu ya uso wa Mpimaji Mkuu.

Jumba likashangilia kwa nguvu. Bwana Farijala alishikwa na machozi. Alisema hajawahi kutunukiwa na taifa la nje, tena kwa rangi yake mwenyewe. Akaichukua kadi kwa mikono miwili, akaibandika kifuani.

Kidawa aliondoka kwenda Bonde la Chumvi adhuhuri ile ile, amebeba kifurushi, Bi Nunu akimfuata nyuma akiwatukana wote mmoja mmoja kwa majina yao na ya mama zao. Na kila alipopiga hatua kuelekea mlangoni, kijani chake kikarudi, na wekundu wa jukwaani ukapungua. Alipovuka kizingiti, Bwana Farijala alikuwa kama kaa lililofunikwa na majivu. Hapo ndipo mshereheshaji aliposimama kutangaza jambo la mwisho la siku hiyo, kwa mujibu wa sheria: sasa apimwe mpimaji.

Miaka yote jambo hilo lilikuwa shangwe. Mwaka huu kipimo kilisomwa mara moja, kikafutwa kwa kitambaa, kikasomwa tena. Wakaletwa makatibu wengine kusimama ubavuni pake. Wa buluu hakusaidia kitu. Mwekundu mwenzake alizidi kumzima. Mwenye manjano alimpa uhai kidogo, kama mgonjwa aliyepewa uji. Baraza likaamua kwamba Jumba limeharibika. Halafu likaamua kwamba jua la siku hiyo lilikuwa na kasoro. Halafu mjumbe mmoja akapendekeza wote wafumbe macho, wamkumbuke Bwana Farijala alivyokuwa, na alama itolewe kwa kumbukumbu. Lakini sheria kwa mpimaji ilikuwa kali kuliko kwa wengine: akishindwa hata mara moja, ni Bonde la Chumvi, siku hiyo hiyo.

Bwana Farijala aliangalia mikono yake kwa muda. "Huenda," akasema, "huenda inategemea mahali alipo mtu."

Daktari Majura akakohoa. "Nimekuwa nikilifanyia utafiti wazo hilo kwa siri kwa muda mrefu," akasema. Na kabla ya vikombe vya chai kuondolewa mezani, ilikuwa imetangazwa kwamba nuru, hususan ya watu wazima wenye madaraka, huathiriwa sana na mazingira.

Ujumbe ukatumwa Bonde la Chumvi kumrudisha Kidawa. Walikwenda Bwana Farijala, Daktari Majura na wajumbe wa Baraza, na Sadala aliombwa aende nao kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta mkosi.

Bonde lile ni mabwawa mapana ya chumvi, meupe, yametandazwa mbali mbali, na kila mkwanguaji ana bwawa lake. Juu ya kila bwawa limejengwa paa la makuti kukinga mvua isiyeyushe chumvi. Wajumbe walitarajia kukuta giza la aibu. Walichokikuta chini ya kila paa ni mtu anayewaka, mmoja manjano, mmoja zambarau, mmoja buluu, na weupe wa chumvi ukiirudisha nuru ya kila mmoja na kuikuza, bonde zima likawa kama duka la vitenge lililofunguliwa milango. Waliotupwa na Jumba kwa miaka yote walikuwa pale, wanafanya kazi, wanataniana kwa kupaza sauti kutoka bwawa hadi bwawa. Na katika bwawa la mwisho alikuwapo Kidawa, ameshika ufagio, kijani chake kimepanda mpaka kwenye makuti. Bi Nunu alikuwa amekaa pembeni anakula mahindi.

Daktari Majura akasoma maneno ya Baraza. Kidawa alisamehewa kushindwa kwake. Alipandishwa cheo, awe Msaidizi Mwandamizi wa Nuru. Angepewa kiti chake mwenyewe, chenye mto, ubavuni pa Mpimaji Mkuu.

"Nashukuru," Kidawa akasema. "Nitarudi. Ila kiti changu nitakiweka kule mlangoni."

Bwana Farijala akamtazama. "Mlangoni ni mbali sana, binti yangu. Ukiwa mbali hivyo utanifaa nini?"

Alipokwisha kulisema, alilisikia. Wote walilisikia. Mahali pale palikuwa na upepo mdogo, na chumvi ikawa inachezacheza juu ya bwawa.

"Hilo swali, Bwana, nililibeba mimi miaka yote hiyo bila kulijua," Kidawa akasema. "Nilidhani ni woga." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyepata kitu alichokuwa amekipoteza ndani ya nyumba, kisha akarudi kufagia chumvi yake.

Sasa ungedhani Baraza lilijifunza. Lilijifunza, na lilijifunza upesi. Lilijadili palepale, juu ya tuta la chumvi, likafikia uamuzi: kwa kuwa nuru hutegemea mahali, na mahali penye nuru ni hapa, basi mji mkuu uhamie Bonde la Chumvi. Sadala akajaribu kusema kwamba jambo si bonde, ni nafasi kati ya mtu na mtu. Akaambiwa sasa na yeye ameanza kuzidisha.

Watu wakahama. Walikuja na vitanda, na kuku, na ukuta wa shaba vipande vipande, na wakazi wa Kilele wakiongozwa kwa kamba wasipotee. Na kwa kuwa sheria ya zamani ilikataza wenye alama za chini kukaa katika mji mkuu, wakwanguaji chumvi wakaamriwa kuondoka. Wakaondoka bila ubishi. Walikwenda kuishi katika mji wa kale uliobaki mtupu, kila mmoja akachagua nyumba yenye ua mpana. Kidawa na shangazi yake walirudi sebuleni kwao, wakafungua madirisha.

Bondeni watu walijaa juu ya watu. Bwawa lililokuwa la mtu mmoja likawa la ukoo mzima. Ukuta wa shaba ukasimikwa upya, watu wakaubana kwa mgongo, na wakashangaa kwa nini hawawaki. Baraza likatangaza kwamba nuru ipo, imetulia.

Ikawa siku ya Sadala kurudi kwao. Alipita pembezoni mwa mabwawa akitafuta njia, akamkuta Bwana Farijala amekaa peke yake chini ya paa la mwisho kabisa. Habari ya kwamba huvuta nuru za watu ilikuwa imeenea, na sasa hapakuwa na aliyetaka kukaa karibu naye. Hata waliobanana kama dagaa walimwachia yeye bwawa zima. Alikuwa amekonda kidogo. Alikuwa anatazama tumbo lake.

Sadala akasimama. Chini ya kivuli kile, Bwana Farijala alikuwa akiwaka. Ilikuwa nuru ndogo, ya wekundu wa udongo wa kichuguu, inayotulia na kutetereka. Haikuwa ya kupigiwa makofi. Haikutoka kwa mtu mwingine yeyote, maana mtu mwingine yeyote hakuwapo.

"Sijawahi kuiona hii," Bwana Farijala akasema polepole. "Tangu ujana wangu daima palikuwa na mtu ubavuni pangu." Kisha akauliza kwa aibu, kama mtoto anayeuliza kama ni zamu yake. "Ni ngapi hii, Bwana Refa? Kwa macho yako tu."

"Sina kipimo," Sadala akasema. "Lakini nakuona."

Bwana Farijala akatikisa kichwa kwa shukrani. Sadala akapiga hatua ili ampe mkono wa kwaheri, na yule bwana akainua kiganja haraka, akamzuia.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Najua huwaki. Ila, tafadhali, usisogee."

Basi Sadala akamuaga palepale alipokuwa amesimama, akashika njia yake.